MJADALA: Ukinyimwa viza ya Schengen, hela irudi au ndo imekwenda?

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
Wakuu salaam. Hili jambo linanikera wiki nzima, bora niliweke hapa tulijadili. Mdogo wangu ana kikampuni cha kupeleka wageni mbugani hapa Arusha, Landkruza mbili na mahema, mwaka huu akataka aende kwenye maonyesho ya utalii nchi fulani ya Ulaya, siitaji, akaomba viza ya Schengen, ile moja inayofaa nchi nyingi za Ulaya. Akalipa ada euro 90, akalipa na ya kituo kinachopokea maombi, akakata bima, akapanda basi mpaka Dar akalala gesti siku mbili, jumla ikagonga laki saba na ushee. Majibu yakaja karatasi moja ya fomu, kisanduku kimewekwa vema: wana mashaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Basi. Hela haidaiki.

Hoja yangu ni hii. Kama mtu kakosea nyaraka, kaleta pasipoti inayokaribia kufa, kafoji, kuleni hela yake sina neno. Ila kama nyaraka zote zipo na sababu ni mashaka, mashaka ni yenu, iweje nilipie mimi? Angalau nusu irudi. Mnasemaje?

Fundi Saa
Pole kwa dogo ila hapo unalialia mkuu. Ile hela ni ya kushughulikia faili, siyo bei ya viza. Kuna mtu analisoma, anahakiki, anaingiza kwenye mfumo, huyo kafanya kazi ujibiwe ndio ujibiwe hapana. Mtoto akifeli fomu foo unaenda NECTA kudai ada ya mtihani? Na sisi je, Mzungu akiomba viza ya Tanzania analipa dola 50, Mmarekani 100, akikataliwa nayo ndo imekwenda hivyo. Tusijifanye malaika.

Msee wa Nakuru
Fundi Saa mtihani una maksi, ukifeli unaonyeshwa umepata ngapi. Hapa maksi ziko wapi? Na hebu niambie ni Mzungu gani unamjua amekataliwa kuja huku. Mjerumani akitaka kuja Kenya anajaza eTA, kile kibali cha mtandaoni, kwa simu akiwa kwa kochi, dola 30, viza tuliwaondolea tangu Januari 2024. Mimi nikitaka kwenda kwake ni zaidi ya elfu kumi na tatu za Kenya hiyo ada peke yake, halafu vidole, halafu barua ya mwajiri, halafu benki, halafu nieleze nikirudi narudi kwa nani. Ilikuwa euro 60, Februari 2020 ikawa 80, tarehe 11 Juni 2024 ikawa 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa 45, chini ya hapo ndo bure. Naunga mkono hoja, irudi yote siyo nusu.

Bi Mkunazi
Nyie wa bara mna maneno. Huku Unguja tangu Oktoba 2024 kila mgeni anatakiwa anunue bima ya dola 44, hata kama kaja na bima yake ya kwao, na wanalalamika vilevile. Lakini huyo akishalipa anaingia. Analalamika yuko ufukweni na dafu mkononi, dogo wa Arusha kalalamikia gesti ya Ubungo, hapo ndo naona tofauti.

Karani wa Posta
Mimi nina stationari hapa mjini, kazi yangu kuprinti na kuandaa mafaili ya watu wa viza mwaka wa kumi na kitu huu, kwa hiyo nitasema kitu ambacho hakitawafurahisha. Mleta mada unasema nyaraka zote zilikuwepo. Kila mtu anasema hivyo. Halafu ukifungua faili unakuta akaunti ilikuwa na elfu arobaini miezi mitatu mfululizo, siku nne kabla ya kuchapisha taarifa ya benki zimeingia milioni nane kwa mpigo, kazichangisha kwa washikaji, na wiki inayofuata zimetoka. Unadhani yule wa dirishani ni mgeni mjini? Au kishoka kamwandikia barua ya kazi kwenye kampuni ambayo simu yake ukipiga anapokea kishoka huyohuyo. Mashaka hayadondoki toka mbinguni mzee, yanatoka kwenye faili.

Na mkirudisha nusu kwa kila anayenyimwa, vishoka watafurahi kuliko nyie, maana watawaambia watu jaribu tu, ukikosa unarudishiwa.

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
Karani nakuheshimu lakini dogo hakuchangisha hela, akaunti ya kampuni inaingia na kutoka kila msimu, ukame wake ni Aprili na Mei kama kampuni zote za utalii huku. Sasa kama afisa haelewi kwamba Aprili mbugani ni mvua na hakuna wageni, hayo mashaka yametoka kwenye faili au kwenye kutoelewa kwake? Ndo maana nasema aseme. Aandike "Aprili hukuwa na mapato, kwa nini?" tutamjibu. Kisanduku hakiongei.

Kasuku wa Ziwa
Mnabishana kuhusu karani wakati hii ni siasa. Sheria yao ya viza ilivyorekebishwa wakaweka kipengele kwamba nchi isiyoshirikiana kupokea watu wake wanaorudishwa inaweza kubanwa kwenye viza. Gambia walibanwa 2021, mwishoni mwa 2022 wakapandishiwa ada mpaka euro 120, hiyo ya kupandisha ikaja kuondolewa 2024. Ethiopia nao Aprili 2024 wakabanwa, majibu badala ya siku 15 yakawa siku 45, na viza za kuingia mara nyingi zikasitishwa. Mkulima wa kahawa pale Jimma kawakosea nini? Kwa hiyo Fundi Saa usituambie ada ni malipo ya kusoma faili, kusoma faili la Mgambia kuligeuka ghali ghafla kuliko la Msenegali? Ada ni fimbo.

Fundi Saa
Kasuku hapo umenigonga kidogo, nakubali. Ila bado hujajibu suala la kurudisha. Fimbo ya Gambia siyo hoja ya dogo.

Shemeji wa Leipzig
Jamani niingie. Nipo Ujerumani mwaka wa tisa, mama yangu kaja mara mbili kutoka Mbeya, kwa hiyo nasema ninachokijua. Mimi siko upande wa mleta mada wala wa Fundi. Nadhani mnagombania ile 90 wakati siyo iliyowaumiza, kilichowaumiza ni vyote vya pembeni ambavyo hamna mtu atakurudishia hata wakibadili sheria. Kituo kinaruhusiwa kutoza mpaka nusu ya ada, yaani 45. Bima. Basi la Arusha Dar, kwenda na kurudi. Na wapo wanaofanya kosa la kununua tiketi ya ndege kabisa kabla ya majibu, MSINUNUE, peleka bukingi tu, wenyewe wanasema usinunue mpaka upate viza.

Mama alivyokuja nilienda ofisi ya wageni ya hapa mjini kwetu na payslipu zangu nikasaini kile kikaratasi kinaitwa Verpflichtungserklärung, ni dhamana, unalipia euro 29, unaapa kwamba mgeni wako akiumwa akikwama akirudishwa gharama ni zako wewe. Siyo barua ya mwaliko ya kuandika mezani na mhuri wa kanisa. Ukishasaini hiyo hawamuulizi mgeni sana habari ya akaunti yake. Lakini la kurudi nyumbani bado anatakiwa alijibu mwenyewe, dhamana yangu haijibu hilo, mama alipeleka hati ya shamba na barua ya Saccos yao ambayo yeye ni mweka hazina.

Msee wa Nakuru
Shemeji swali, na akinyimwa huko kwenu anakata rufaa wapi? Kuna jamaa yangu aliambiwa andika barua kwa ubalozi walewale.

Shemeji wa Leipzig
Hiyo ya barua Ujerumani waliifuta tangu tarehe 1 Julai 2025, zamani ulikuwa unaandika wanaangalia upya bila malipo, sasa hivi haipo. Imebaki kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, kwa Kijerumani, au uombe upya ulipe upya. Nchi nyingine za Schengen kila moja ina utaratibu wake, soma nyuma ya hiyo karatasi ya kunyimwa, lazima waandike unakata rufaa wapi.

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
Sasa si ndo mmenisaidia hoja yangu hapo! Barua ya bure imefutwa, njia ya kueleza Aprili ni mvua ni kwenda mahakamani Berlin kwa lugha ambayo dogo anajua maneno mawili, danke na Serengeti. Kama mnanifungia mlango wa kujieleza basi nirudishieni hela. Au rudisheni mlango mle hela. Kimoja.

Fundi Saa
Hilo la mwisho nakubaliana nalo. Hela wale, ila mtu asikilizwe. Ungeanza na hilo nisingebisha.

Karani wa Posta
Na mimi hapo sina neno. Mleta mada, dogo anaomba tena au kakata tamaa?

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
Anaomba. Safari hii anataka ITB Berlin, yale maonyesho makubwa ya utalii ya Machi, mawakala wote wa Ulaya wapo pale. Ila anaogopa kwamba kunyimwa mwanzo kumemchafua.

Karani wa Posta
Kunyimwa hakumfungi kuomba tena, ila wanaona kwenye mfumo wao, kwa hiyo kwenye fomu na kwenye barua asifiche wala asiruke. Aandike ukurasa mmoja: nilinyimwa mwezi fulani, sababu ilikuwa hii, maelezo yangu ni haya, msimu wa utalii Kaskazini uko hivi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, kwa hiyo kwa Machi aanze kuwinda apointimenti Septemba, asisubiri Januari, Januari kila mtu yupo. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao, na kurasa mbili tupu. Bima isipungue euro 30,000. Alama za vidole alizotoa safari ile zinakaa miezi 59, wanaweza wakazitumia hizohizo.

Shemeji wa Leipzig
Niongezee, aombe nchi anayokwenda kweli. Kuna wanaoomba nchi wanayosikia ni rahisi halafu wanashukia Berlin, ni kujitafutia kesi. Anakokaa siku nyingi ndo anakoombea, zikilingana ni anakoanzia kuingia. Akipata, inamfaa nchi zote 29 za Schengen ila siyo London wala Dublin, kule viza zao mbali. Na mpakani abebe nakala za kila kitu kwenye begi la mkononi siyo la chini ya ndege, viza siyo tiketi ya kuingia, polisi wa mpaka ana haki ya kuuliza tena unalala wapi na una shilingi ngapi. Mihuri imebadilika pia, tangu Oktoba 2025 kuna mfumo unaitwa EES, unapigwa picha ya uso na siku zako zinahesabiwa na kompyuta, zisizidi 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo ile ya muhuri umefifia hausomeki haipo tena.

Bi Mkunazi
Na akirudi arudi kweli, asije akazamia tukaonekana wote wazamiaji 😂

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
Bi Mkunazi azamie aache Landkruza mbili kwa nani, kwangu? Ningeziuza asubuhi yake.

Karani wa Posta
Sasa hizo Landkruza ndo ziingie kwenye faili. Cheti cha BRELA cha usajili wa kampuni, TIN ya kodi, leseni ya utalii ya TALA, kadi za magari zenye jina lake au la kampuni, bukingi za wageni wa Juni na Julai walioshalipa advansi. Mtu mwenye wageni kumi na wawili wa Juni harudi Machi kwa sababu gani? Hiyo ni nguvu kuliko milioni nane za kuchangisha. Safari ya kwanza aliweka hivyo vitu?

Mpagazi wa Meru (mleta mada)
BRELA na TIN aliweka. Bukingi hakuweka, hakujua kama zinahusika. Kadi za magari... Karani nikwambie ukweli, kadi ya gari moja iko kwa mkopeshaji, tuliiweka dhamana tukapata hela ya hiyohiyo safari ya kwanza. Nakala inafaa?

Karani wa Posta
Weka nakala, na mkataba wa mkopo uwe nyuma yake. Ila ile nyingine mtoe halisi kabisa, na huyo mkopeshaji msimuongezee ya pili.