Fundi wa vyumba vya baridi napunguzwa kazi Usa River. Nisaini barua hii? Na baada ya hapo nielekee wapi?

BaridiKali

Wakuu, salamu kutoka Usa River. Naombeni mawazo yenu, na wenye uzoefu msinifiche kitu.

Nina miaka minane kwenye shamba moja la maua huku Arumeru, idara ya ufundi. Niliingia kama msaidizi wa fundi umeme, na cheti changu cha VETA ni cha umeme wa majumbani. Lakini sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimalizia kwenye vyumba vya baridi: kompresa, feni, paneli za umeme, jenereta. Waridi likishakatwa halina muda wa kusubiri. Linaingia kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4, linapakiwa, lori linapanda Namanga kwenda kuwahi ndege Nairobi. Kompresa ikizima saa nane usiku, anayegongewa mlango ni mimi. Kazi hii naipenda kweli. Nikisikia mlio wa kompresa najua kama mafuta hayarudi vizuri, hata kabla sijafunga geji.

Mwaka huu oda za Ulaya zimeshuka, nyumba kadhaa za maua zimevuliwa plastiki, na wiki iliyopita tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Mimi ni kati ya wanaopunguzwa. Ofisa utumishi amenipa barua iliyokwisha kuchapwa, inasema naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia. Nikisaini kabla ya Ijumaa napewa mshahara wa mwezi huu na mwingine mmoja juu yake kama kifuta jasho. Nisiposaini, anasema utaratibu utakuwa mrefu. Wenzangu wawili wameshasaini. Mshahara wangu wa msingi ni 650,000. Nina mke, watoto wawili wanasoma, na nyumba ya kupanga Maji ya Chai. Pesa ya haraka naihitaji, ila moyo unakataa kuandika kwamba nimeacha kazi wakati sijaacha.

La pili ni kazi yenyewe. Mashamba jirani nimeuliza, nao wanapunguza. Jamaa mmoja Sakina ana kibanda cha friji, yuko tayari tufanye wote kwa kugawana, lakini kazi zake karibu zote ni friji za nyumbani. Kampuni moja ya AC mjini inanitaka kama deiwaka, siku wakiwa na kazi wananiita. Nyumbani Tanga, ambako shamba lilinichukua, wananiambia nirudi nikavute nyaya majumbani. Nina miaka 36. Sitaki kutupa nilichokijua. Fundi aliyezoea mitambo mikubwa anaanzia wapi akiwa hana mtambo?

Nawasilisha.

DerevaNamanga

Pole kaka. Mimi ningechukua hizo pesa. Mwajiri ana wakili, wewe una kodi ya nyumba. Kesi za kazi zinachosha watu, nimeona mwenyewe. Saini, chukua chako, anza maisha mengine.

MamaKaranga

Mdogo wangu, usisaini. DerevaNamanga namheshimu, najua anasema kwa uchungu, lakini ushauri huo utakula zaidi ya mshahara mmoja.

Niko Moshi. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa muda mrefu, na barua za namna hiyo nimezishika kwa mikono yangu. Zinaandikwa hivyo kwa makusudi. Ukisema umeacha mwenyewe, vitu viwili vinakufa hapo hapo.

Cha kwanza ni kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikuachisha, anakulipa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Kwako wiki moja ni 650,000 gawanya kwa 4.333, yaani kama 150,000. Zidisha kwa miaka minane: 1,200,000. Hapo sijagusa notisi, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28. Wasipotaka uifanyie kazi, wailipe. Likizo ambayo hukuichukua nayo ni pesa. Na kwa kuwa walikuchukua Tanga, sheria inawataka wakurudishe huko na mizigo yako, au wakupe nauli. Sasa linganisha na huo mshahara mmoja wa kifuta jasho.

Cha pili ni NSSF. Lipo fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwako inakaribia 216,000 kwa mwezi, na kodi ya Maji ya Chai inalipika. Lakini fao hilo ni la aliyeachishwa, aliyeacha mwenyewe halimhusu. Barua utakayokwenda nayo NSSF ndiyo itakayokusemea, kwa hiyo lazima iandike wazi kwamba umepunguzwa. Kabla ya hapo omba taarifa ya michango yako uone kama kweli walikuwa wanapeleka kila mwezi.

Kuhusu huo "utaratibu mrefu": kwenye kupunguza wafanyakazi mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu, kisha mjadiliane nani anapunguzwa, kwa vigezo gani na kwa malipo gani. Hilo ni deni lake kwenu, wala si fadhila. Kama shambani kuna tawi la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, mtafute katibu leo. Wale wawili waliosaini nao waende. Mtu akisainishwa kwa kutishwa, bado ana la kusema.

Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapo Arusha mjini. Unajaza Fomu Namba 1, na anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa. Watu wengi wanapoteza haki zao kwa sababu walikuwa wanasubiri simu ya bosi.

MzeeWaGeji

Mama amemaliza upande wa karatasi. Mimi nije upande wa spana.

Kijana, nina karakana Unga Limited, na mimi nilitoka kwenye ajira kama unavyotoka wewe. Nikujibu swali lako la mwisho, maana ndilo lenye uzito. Unasema huna mtambo. Mitambo imejaa Arusha nzima, haina mtu wa kuiangalia. Nenda Kwa Mrombo uhesabu mabucha. Kila bucha lina friza, na makubwa yana chumba cha baridi. Maduka ya dawa na zahanati zina friji za chanjo zinazotakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8, isipungue wala isizidi. Hai na Siha kuna vikundi vya maziwa vyenye matenki ya kupozea. Kuna wasafirishaji wa mboga na parachichi. Kuna loji na kambi mpaka Serengeti, zinaendesha friza kwa sola na jenereta. Hao wote wana jambo moja wanalofanana na shamba lako la maua: baridi ikikata usiku mmoja, hasara yao inazidi bei ya fundi mara nyingi. Mteja wa friji ya nyumbani nyama yake kilo mbili anaipeleka kwa jirani.

Ndiyo maana nakwambia kibanda cha Sakina kiwe cha kupitia tu. Sidharau kazi ile, imesomesha wanangu. Lakini pale utashindana na vijana wanaojaza gesi bila kuvuta vakyumu, yaani bila kunyonya hewa kwenye mabomba kwanza, wanasukuma hewa kwa gesi yenyewe na kufunga. Friji mpya za nyumbani zinakuja na R600a, gesi inayoshika moto, inapimwa kwa gramu kwenye mizani. Wao wanaweka R134a, gesi nyingine kabisa, kwa kukisia, mashine inakufa baada ya miezi, na mteja anaamini mafundi wote ni matapeli. Bei yako ya haki itaonekana wizi mbele yake.

Nikupe mfano wa juzi. Mwenye bucha ananiita, friza kubwa haigandishi. Mafundi wawili walishapita, wote wameongeza gesi. Nimefungua kava ya nyuma: mapezi ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, yamezibwa kabisa na mafuta ya nyama yaliyochanganyika na vumbi, huoni mwanga upande wa pili. Feni inazunguka kwa uvivu, kapasita yake imechoka. Kompresa inachemka, inajikata, inapumzika, inawaka tena. Nimetoa gesi iliyozidi, nimesafisha kwa brashi laini na maji ya sabuni, nimebadilisha kapasita, nimepima ampea kabla na baada na kumwonyesha mwenye bucha namba zote mbili. Hakuuliza bei mara mbili. Kisha nikamwambia nitakuja kila baada ya miezi mitatu kusafisha na kupima, alipe kiasi kidogo kisichobadilika. Wateja wa namna hiyo ndio wanaonilipia kodi ya karakana. Wewe shambani ulikuwa unafanya nini kila wiki? Hicho hicho. Kiuze hicho, matengenezo ya kinga. Hao vijana wa gesi hawana daftari la vipimo, wewe umeishi nalo.

Loji zina msimu wake. Mvua za masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua na kambi nyingi zinafunga kwa matengenezo. Ukienda Juni umechelewa, wamejaa. Nenda Februari na Machi, tena usiende porini, anza na ofisi zao za mjini Arusha, umtafute anayesimamia ufundi au manunuzi. Hapo umeme na jenereta unavyovijua vina thamani kuliko friji, maana fundi anayejua vyote vitatu anawaokolea safari ya gari.

Deiwaka wa AC kubali kwa siku ambazo huna kazi yako. Utajifunza inveta na R32, gesi ya AC mpya, na utaona wenye majengo wanaishi vipi na mafundi wao.

BaridiKali

Nimesoma yote, na mke wangu nimemsomea. Asanteni sana. Mama, sijasaini. Nimemwambia ofisa utumishi kwamba naomba barua ya kupunguzwa na hesabu ya malipo kwa maandishi. Hakufurahi. Katibu wa tawi nimempata, anaitisha kikao na sisi wote, pamoja na wale wawili.

Mzee shikamoo. Vifaa vya shamba ni vya shamba. Changu mimi ni klampu mita, geji na seti ya kutanulia mabomba. Malipo yakitoka, nianze kununua nini? Na cheti changu cha umeme, wenye loji hawatanikataa?

MzeeWaGeji

Marahaba. Pampu ya vakyumu kwanza, halafu mizani ya gesi. Bila hivyo viwili hutafanya kazi tofauti na ya wale niliowasema. Mitungi mikubwa ya gesi usinunue sasa, nunua kwa kazi iliyopo mkononi. Mtungi wa R22 usiujaze ndani kabisa: gesi ile inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Mteja mwenye mashine ya zamani ya R22 mweleze ukweli huo mapema, apange fedha ya kubadilisha.

Cheti: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia kazini. Wanakupima kwa vitendo na wanakupa cheti cha kile unachokiweza. Ulizia VETA ya Arusha au ya Moshi lini wanapima majokofu na viyoyozi. Kwa kazi za kufunga umeme, leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, usiikwepe, kampuni kubwa wataiuliza. Na kabla hujakabidhi funguo za shamba, mwombe meneja wa ufundi akuandikie barua ya pembeni inayotaja mitambo uliyoihudumia, ukubwa wake na aina ya gesi. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria, lakini kinataja kazi na tarehe tu. Mwenye loji anataka kujua kama umewahi kufungua kompresa kubwa.

DerevaNamanga

Mama nimekuelewa, hiyo ya NSSF sikuijua. Shemeji yangu kasaini ya namna hiyo mwezi huu huu huko Moshi. Bado anaweza kwenda CMA?

MamaKaranga

Aende kesho, asingoje Jumatatu. Abebe nakala ya barua aliyosaini, mkataba, hati za mshahara, na kama kuna ujumbe wa simu wa kumharakisha asiufute. Siku 30 zinahesabiwa tangu siku alipoondolewa. Akishaeleza kwamba aliandikiwa barua na mwajiri, tume ndiyo itakayopima kama aliacha kweli au aliachishwa. Mwambie anitumie ujumbe, ofisi ya hapa naijua, nitamsindikiza.

MzeeWaGeji

BaridiKali, Jumatano nipo Tengeru kwa mteja wa mboga, chumba chake cha baridi kinafanya barafu kwenye koili na mfumo wa kuyeyusha haufanyi kazi. Nadhani ni taima, lakini sijaifungua paneli. Kama shamba limekupa ruhusa siku hiyo, njoo saa mbili asubuhi. Nitakulipa siku yako.