Visanduku viwili, saa zinalingana lakini data zinaachana

nyundo_na_sensa:
Wakuu, heshima kwenu. Nina visanduku viwili vya kukusanya data, kimoja upande wa mota na kingine upande wa pampu, vyote kwenye swichi moja ya mtandao ya gigabiti. Kila kimoja kinasoma sensa za mtetemo, sampuli 10,000 kwa sekunde. Saa vinachukua kwa NTP, yaani kulinganisha saa kupitia mtandao, kutoka kompyuta moja, na nikizilinganisha hazipishani hata milisekunde 2.

Sasa kizungumkuti. Nikigonga fremu ya mashine kwa nyundo mwanzoni, mruko unaonekana karibu mahali pamoja kwenye faili zote mbili. Nikigonga tena dakika 60 baadaye na kuhesabu sampuli tangu mwanzo, zinaachana kwa sampuli kama 700. Milisekunde 70 hizo zinatoka wapi? Muuzaji ananisukumia swichi ya PTP, njia nyingine ya kulinganisha saa kwa usahihi zaidi, na bei yake si ya kitoto. Sitoi hela kabla sijaelewa.

mlinzi_wa_saa:
Mkuu, kwani nani kakwambia saa inayopata NTP ndiyo inayopiga sampuli? Kwenye visanduku vingi NTP inaweka tarehe sawa basi. Chipu inayosoma sensa ina fuwele yake ya kuhesabia muda, inakwenda kwa mwendo wake. Fuwele mbili za kawaida kupishana sehemu 20 kwa milioni si ajabu. Maikrosekunde 20 kila sekunde, zidisha mara 3,600, ni milisekunde 72. Namba yako hiyo hapo.

Hiyo swichi iache dukani kwanza. Fungua mwongozo utafute jambo moja: PTP inaongoza saa ya sampuli, au inagonga muhuri wa muda tu, yaani kuandika saa kwenye data?

bi_kebo:
Naongezea. Hata fuwele zingekuwa mapacha, NTP haikufai kwa kulinganisha fezi, yaani mtetemo mmoja umetangulia mwingine kwa sehemu gani ya mzunguko. Shafti ya mizunguko 1,500 kwa dakika ni hezi 25, kwa hiyo milisekunde 2 ni digrii 18. Kwenye mtetemo wa hezi 1,000 ni mizunguko miwili mizima, hapo fezi haina maana tena.

PTP, yaani IEEE 1588, inashuka chini ya maikrosekunde moja, ila muhuri ugongwe kwenye kadi ya mtandao yenyewe. Kwenye Linux, `ethtool -T` itakuonyesha kama kadi inaweza. Swichi ya kawaida inaharibu kwa sababu pakiti ya muda ikikuta pakiti kubwa nyingine imeshaanza kutoka, inasubiri hadi maikrosekunde 12 kwa gigabiti moja. PTP inachukulia safari ya kwenda na kurudi ni sawa, kwa hiyo nusu ya tofauti inakuwa kosa la saa. Swichi inayoijua PTP hupima muda pakiti iliokaa ndani yake na kuuandika kwenye ujumbe.

Halafu nyundo hiyo, kaka! Sauti kwenye chuma hukimbia kama mita 5,000 kwa sekunde. Sensa zikiwa mita 5 mbali, tayari una milisekunde 1, yaani sampuli 10, na visanduku havina kosa. Gawa mpigo mmoja wa umeme uingie kwenye chaneli moja ya kila kisanduku, ndipo upime.

nyundo_na_sensa:
Mwongozo unasema PTP ni ya muhuri tu. Ila nyuma kuna matundu mawili, saa ya nje na kichochezi cha kuanzisha kurekodi. Kati ya visanduku ni mita 6.

mlinzi_wa_saa:
Mita 6? Vuta kebo. Kimoja kitoe saa ya sampuli, kingine kiifuate, Etheneti ibaki kubeba data. Kichochezi nacho ukiunganishe, maana mwendo unaweza kuwa mmoja na bado vikaanza kwa nyakati tofauti. Angalia tu ardhi za visanduku zisije zikakuletea kelele ya umeme ya hezi 50 kwenye vipimo.

Faili za zamani usizifute. Kwa miruko miwili ya nyundo unaweza kukadiria mpishano wa fuwele na kuzipangia sampuli upya. Kwa fezi za hezi 1,000 usizitegemee.

nyundo_na_sensa:
Nimewaelewa. Naanza na mpigo wa bi_kebo kabla ya kuvuta kebo, nijue mpishano halisi ni kiasi gani. Muuzaji atasubiri.