Mnaotangaza kifo cha benki, nijibuni: hela ikikwama huku namlilia nani?

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Hii ni siku ya 11 hela yangu imekwama kwenye jukwaa la kubadilishia sarafu za kidijitali (kripto). Nikibonyeza "toa" naambiwa huduma imesitishwa kwa muda. Hakuna namba ya kupiga wala ofisi ya kwenda kugonga mlango. Anayenijibu ni roboti, jibu lilelile asubuhi na jioni. Halafu nafungua simu nakuta watu wanashangilia eti benki zimekwisha, kripto imechukua nafasi yake!

Zimekwishaje? Andiko la 2008 la Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, lilitaka malipo yatoke kwa mtu yafike kwa mtu, bila taasisi katikati. Nililipenda wazo hilo, nimelitetea miaka. Lakini tumefanya nini nalo? Mtu wa kati tumemrudisha wenyewe, safari hii hana bima ya kulinda amana za wateja akianguka. Mt. Gox, jukwaa kama hili langu, ilifunga 2014 na sarafu za watu ndani. Novemba 2022 wateja wa jukwaa la FTX walikimbilia kutoa hela zao wakakuta hazipo, zilishapelekwa Alameda, kampuni ndugu. Hiyo ilikuwa benki mbovu yenye jina jingine.

Linaloniuma zaidi ni la Machi 2023. USDC, sarafu ya kidijitali inayotakiwa kuwa sawa na dola 1 saa zote, iliporomoka chini ya senti 90. Sababu? Dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa Silicon Valley Bank ya Marekani, na benki hiyo ilikuwa imeanguka. USDC ilisimama tena baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba amana zote za benki hiyo zitalindwa. Sasa niambieni, nani kambeba nani?

Na mikopo je? Benki ikikukopesha inaandika amana mpya kwenye akaunti yako, na sehemu kubwa ya fedha tunazotumia inazaliwa hivyo. Huku kwenye kripto, ukitaka kukopa kwa kawaida unaweka dhamana inayozidi mkopo wenyewe. Asiye na kitu anakopaje?

Benki nazo sizitetei. Kutuma hela nchi nyingine ni siku kadhaa, inapita benki hii na ile, kila moja inakata chake, na wikiendi mambo yanalala. Zinastahili kubanwa, na ushindani huu umezitikisa. Hilo nalikubali.

Ila acheni kutudanganya. Wenye majukwaa watoe hesabu za akiba NA madeni, zikaguliwe na mtu wa nje, hela ya mteja isiguswe. Orodha ya akiba peke yake bila madeni haina maana yoyote.

Nani humu amewahi kukwama hivi akafanikiwa kutoa? Ulimfuata nani?