Chiba "ni" au Chiba "kara"? Nimekwama dirishani

Mama Pili, Nagoya:
Habari zenu wandugu. Jana nimekwenda kuyakusho, ofisi ya serikali ya mtaa hapa Japani, kufanya tennyu, yaani kujiandikisha kwamba nimehamia; nimehama Chiba tangu tarehe 3. Kijana wa dirishani kaniuliza, nami nikajibu bila wasiwasi, "Chiba ni hikkoshimashita." Akaniletea fomu ya tenshutsu, ya anayehama! Nimeshajaza jina na anwani ndipo naona kanji (herufi) ya pili ni 出, kutoka, si 入, kuingia. Kumbe hata karatasi ya tenshutsu ya Chiba sina. Inaombwa kwa posta, au lazima nirudi? Siku 14 za kujiandikisha zinaisha Ijumaa.

Mzee wa Hamamatsu:
Dada, umemwambia umehamia Chiba! "Ni" ni unakokwenda, "kara" unakotoka. Inatuponza -ni ya kwetu: natoka mjini, nalala mjini, naenda mjini, yote sawa, kitenzi ndicho kinachojua njia. Hama, hamia. Hikkosu, kuhama kwa Kijapani, haibadiliki hivyo. Mimi mwaka wa kwanza nilimwambia dereva wa teksi "eki kara", nikitaka anipeleke stesheni. Akangoja nimtajie niendako. Tulitazamana mpaka vioo vikashika ukungu.

Binti wa Kobe:
Shikamoo mzee. Ila "Nagoya e" pia ni sahihi. Inaandikwa へ, "he", inasomwa "e".

Mzee wa Hamamatsu:
Marahaba. Nani kakataa? Lakini sema "Nagoya e sunde imasu" uone. Kuishi ni "ni" tu.

Fundi, Saitama:
Na si "Nagoya de sunde" vilevile. "De" ni pa kufanyia jambo: Nagoya de hataraite imasu, nafanya kazi Nagoya. Hiyo ni N5 jamani, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani, watu mna N3 humu!

Mama Pili:
Ahsanteni walimu. Karatasi ya Chiba je?

Binti wa Kobe:
Mimi hiyo "e" naipendea barua. Juu kabisa unaandika "haha e", kwa mama. Wangu hasomi Kijapani, namwandikia hivyo hivyo.

Fundi:
Umenikumbusha mbali. Konda wa daladala kule Dar anapigapiga bodi, "Posta Posta Posta!" Hana ni, hana e, na watu wanafika.

Mzee wa Hamamatsu:
Wanafika wananing'inia mlangoni. Hayo mabasi tuliyoahidiwa yako wapi?

Fundi:
Mzee, usianze siasa.

Mama Pili:
Kesho narudi dirishani. Chiba KARA, Nagoya NI. Aliyewahi kuomba tenshutsu kwa posta anipigie, hata usiku.