MJADALA: Ndoo getini, madirisha yamefungwa. Mafua ya chuoni tunayazuia au tunayafuga?

Mleta mada (muuguzi, zahanati ya chuo, Mbeya)

Habari zenu wakuu. Baridi imeshaingia na foleni yangu imebadilika sura: mafua, koo, homa, viungo kuuma. Wengi hawaji kufuata dawa, maana wanajua watapewa panadol na kuambiwa wanywe maji. Wanafuata ED, kile kikaratasi cha kumwonyesha mwalimu ili wasikatwe mahudhurio. Mtu anatoka kitandani na homa yake, anabanana kwenye bajaji, anakaa benchi moja na mjamzito na mwenye selimundu, anakohoa saa nzima, halafu namwandikia "apumzike siku mbili". Hapo amepumzika yeye, au ametugawia?

Naleta hoja mbili, zipigeni.

Ya kwanza: chuo kinapigana mahali ambapo adui hayupo. Ndoo za getini tunazo tangu 2020, ule mwaka vyuo vilifungwa Machi vikafunguliwa Juni 1. Ziendelee kuwepo, kwa sababu kuhara na kipindupindu havijahama nchi hii, na sabuni inavunja utando wa mafuta unaofunika virusi vya mafua makali (influenza) na vya korona. Lakini safari kubwa ya virusi hivi ni hewani. Mgonjwa akiongea, akiimba au akikohoa anatoa chembechembe. Nzito zinaanguka karibu, nyepesi zinaelea chumbani kama moshi wa sigara. WHO yenyewe, baada ya mabishano ya miaka, mwaka 2024 iliuacha ule mpaka wa zamani kati ya matone na hewa.

Sasa ingia ukumbi wetu mkubwa asubuhi. Mlango umerudishiwa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mapazia yameshushwa ili projekta ionekane, watu wamejaa wamejifunika vitenge na majaketi ya mtumba ya Mwanjelwa. Kipindi kikifika katikati, vioo vinatiririka maji. Yale maji ni pumzi zetu. Wenye uwezo hupima kwa kifaa cha kabonidayoksaidi: hewa ya nje ina chembe kama 420 katika kila milioni, na darasa lililojaa likifungwa linapita 1,000 bila kuchelewa. Mimi sina kifaa, nina vioo.

Kinachoniuma zaidi ni majengo. Darasa la zamani lina dari ya juu na madirisha pande mbili, ukifungua upepo unapita. Jengo jipya lina madirisha ya alminiamu ya kuteleza, ukifungua lote umefungua nusu. Kuna utafiti wa hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa 2007: vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa kama mara 28 kwa saa, wakati vyenye mashine za kuvuta hewa vilipata 12. Na majengo ya kizamani yenye dari ndefu yaliyashinda mapya. Wao walikuwa wanaitafuta TB, ambayo si virusi lakini inapita njia hiyo hiyo. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu 2023 inapendekeza angalau mara 5 kwa saa. Kwa hiyo hakuna haja ya kugandisha watu. Pande mbili zinazotazamana zifunguliwe kidogo, kipindi chote.

Ya pili: mwenye homa abaki chumbani siku tatu bila karatasi yangu, na siku hizo zisimkate kwenye asilimia 75 ya mahudhurio. Mtu wa mafua makali huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya, na siku tatu au nne za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Siku hizo hizo ndizo tunazomlazimisha aje kusaini.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Sista, hoja ya pili naiunga mkono kwa mikono na miguu. Ya kwanza umeiandika ukiwa karibu na hita. Mwezi wa saba huku Iyunga asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Dirisha likifunguliwa, tunaokaa pembeni ndio tunapigwa, wa katikati wanafaidi.

Halafu darasani tunakaa saa chache, hosteli tunalala. Chumba chetu ni cha watu wanne, ukihesabu tunaobebana kitanda kimoja tuko sita. Kioo kilivunjika, tumeziba kwa boksi na gunia. Na kuna vyumba usiku wanaingiza jiko la mkaa. Anzia huko kwanza.

Mleta mada

Hita sina mdogo wangu, nina sweta mbili.

Hilo jiko usilipite kimya. Gesi ya mkaa inayoua haina harufu wala rangi. Unasikia usingizi mzito, kichwa kinauma kidogo, basi. Ukiliona, litoleeni nje usiku huo huo, habari ya mafua tutaizungumza mkiwa hai. Na chumba chenye jiko ndani ndicho hicho hicho kilichozibwa kila upenyo, kwa hiyo matatizo mawili yanalala kitanda kimoja.

Boksi lishushe kidogo, upenyo wa vidole vitatu juu kabisa ya dirisha unasaidia kutoa hewa bila kukupiga kifuani. Wanaobebana walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, ili mmoja akikohoa asimkoholee mwenzake usoni. Ni jambo dogo na halina gharama. Darasani wa pembeni na wa katikati wabadilishane kila kipindi, CR, yaani kiongozi wa darasa, asimamie.

Mzazi, Makambako

Wanangu hamjambo. Sisi tumekulia kwenye baridi hii. Mafua yanaletwa na baridi na vumbi la kiangazi, kila mtu huku anajua. Leo mnataka watoto wetu wafunguliwe madirisha, hiyo nimonia nani ataibeba? Wafundisheni kuvaa. Wanatoka na tisheti saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya urembo. Na mwaka ule wa korona tulijifukiza nyungu, tuko hapa.

Mleta mada

Shikamoo mama. La kuvaa naliunga mkono, na baridi ina mkono wake kweli. Hewa baridi na kavu inavifanya virusi vya mafua makali vidumu zaidi, na pua iliyopoa inajitetea kwa uvivu. Lakini lazima awepo wa kukuletea. Anayechunga peke yake juu Kitulo anaweza kutetemeka wiki nzima asiumwe, akaja kuyapata siku aliyoshuka mnadani. Baridi inatusukuma ndani, tunafunga, tunavuta pumzi moja. Panda haisi ya Uyole kwenda Mbalizi mwezi wa saba uone nani ana dirisha wazi.

Nyungu inazibua pua, hilo halina ubishi. Kirusi kikishaingia mwilini mvuke haukiui, na nimeshafunga vidonda vya watu waliopindukiwa na sufuria chini ya blanketi. Chai ya tangawizi mpe mtoto, mama, hiyo haina kesi.

Mtumishi, ofisi ya miliki, chuo kimojawapo Iringa

Kamwene. Mnajadili kama vile madirisha ni yenu. Sisi tunaandikiwa barua kila laptopu ikiibwa. Mlinzi akikuta dirisha wazi saa kumi na mbili jioni analifunga, na asubuhi hakuna wa kulifungua mpaka aonekane mwenye ufunguo. Jengo lisilo na nondo siwezi kukubali likae wazi. Na dirisha la kuteleza likishaharibika kitasa halifunguki tena, fundi haji kwa sababu hajalipwa la mwisho.

Halafu barakoa mbona umeziruka? Ni rahisi kuliko yote hayo.

Mleta mada

Kaka, wakati wa kipindi tu, si usiku. Mwalimu akiingia yafunguliwe, akitoka yafungwe. Majengo mapya mnayochora huko, wekeni madirisha ya bawaba au luva, yafunguke yote. Hilo ndilo ningependa ofisi zenu zing'ang'anie, kwa sababu jengo likishasimama tumefungwa nalo miaka hamsini.

Barakoa ya kitambaa inapunguza kinachotoka kwa mgonjwa kuliko inavyozuia kinachoingia kwa mzima. Ile ngumu ya N95 inakinga pande zote mbili, ila inabana na bei yake si ya mwanafunzi kila wiki. Anayekohoa na amelazimika kuja, avae. Mwenye pumu au selimundu akitaka kuvaa asichekwe. Kuwalazimisha wote msimu mzima sitaki, zitaishia kidevuni kama tulivyoona.

Mhadhiri

Sista, nakuheshimu sana. Dirisha nitafungua, na slaidi nitaziandika kwa maandishi makubwa ili mapazia yapandishwe. Hiyo sikatai.

Ila siku tatu bila karatasi ni kichaka cha kujifichia. Siku ya test nusu ya darasa watapata homa. Nimewahi kupokea ED tano zenye mwandiko mmoja. Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia watu wanashuka Matema kuogelea, Jumatatu wanarudi na "mafua". Ukiwapa ruhusa ya kujiandikia ugonjwa, mimi nitafundisha viti.

Mleta mada

Mwalimu, test iwe na karatasi yangu, hapo hatugombani. Nazungumzia kipindi cha kawaida, na iwe mara mbili kwa muhula, ikizidi aje zahanati. Anayetaka kwenda Matema anakwenda hata sasa, mwenzake anamsainia, nawe unajua. Utaratibu wa sasa haumkamati huyo. Unamkamata yule mwaminifu mwenye nyuzi joto 39 anayekuja kukukoholea mstari wa mbele.

Mhadhiri

Haya, vipindi vya kawaida tunaweza kujaribu muhula mmoja. Na maabara? Zoezi la maabara halirudiwi, kemikali zinahesabiwa. Na wale wa kozi za afya wanaopangiwa wodini?

Mleta mada

Wa wodini ndio kabisa asikanyage. Mafua yanayomlaza yeye siku mbili yanaweza kumuua mtoto njiti. Sheria ya kwao iwe kali kuliko ya wengine wote, na siku zake afidie mwisho wa mzunguko.

Maabara itengwe siku moja ya fidia kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa wote waliokosa kwa ugonjwa.

Mhadhiri

Siku ya fidia inamhitaji fundi maabara Jumamosi, na Jumamosi ina posho. Anasaini nani?

Mtumishi, ofisi ya miliki, Iringa

Msinitazame mimi. Ila mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwetu ambacho hakimo kwenye bajeti siku hiyo kinasubiri mwaka mzima, kwa hiyo kama mna nia, andikeni barua wiki hii. Na kwenye barua hiyo hiyo ongezeni vitasa vya madirisha.