MJADALA: Kidato cha tatu watumwe kuchunguza Operesheni Vijiji, au tuwaachie desa (notisi za kukariri)?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, tena kwa Kiswahili. Hapo sina neno. Tatizo ni ufundishaji: mwalimu anajaza ubao, mtoto ananakili, mtihani ukifika anatapika alichokariri. Muulize kijiji chenu kilianza lini na kwa nini nyumba zimejipanga kando ya barabara, anakutazama tu.

Napendekeza kila mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe muhula mzima achunguze Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 70, pale kwao, na kazi hiyo iwe na alama kwenye mtihani wa taifa. Kitabu kitamwambia kwamba Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Hakitamwambia familia yake ilihama na nini, wala shamba la zamani limeishia kwa nani. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amevuka 70. Tukisubiri mtaala mwingine, tutawatuma watoto makaburini.

Akishakusanya masimulizi, ayapime. Bibi akisema "walituezulia nyumba", na mzee wa jirani akasema "tulihama wenyewe, tukapata shule", wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mtoto aulize nani alikuwa anaishi wapi, na nani alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kisha aangalie sensa: 1967 tulikuwa kama milioni 12, 2022 karibu milioni 62. Ardhi kubana kijijini kwao ni matunda ya operesheni, au kungetokea tu kwa watu kuongezeka? Swali hilo halina jibu la kukariri, ndiyo maana nalipenda.

Chaki Nyeupe: Mkuu, mimi nipo darasani. Nina mikondo mitatu, kila mmoja watoto zaidi ya 80. Nani atasahihisha? Halafu ukishaweka alama, kazi zitauzwa stesheneri. Wa mjini watanunua, wa kijijini watanakili kwa wa mjini.

Mtu wa Mbulu: Mimi napinga kwa sababu nyingine. Hii ardhi haijapoa. Huku kwetu Lohay Akonaay alipoteza shamba enzi za operesheni, akaenda kulidai mahakamani. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila za namna hiyo, ikabidi ifike Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 1994 iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sasa binti wa miaka 16 aende na daftari kumuuliza mzee "shamba lako lilikuwa wapi?", wakati aliyegawiwa anakaa mlango wa pili! Mnataka kesi zianze upya?

Mwana wa Iringa: Kwetu ukitaja Isimani wazee wanabadilisha mada. Desemba 25, 1971 mkuu wa mkoa, Dkt. Kleruu, alipigwa risasi na mkulima, Said Mwamwindi, katika mvutano wa mambo hayo hayo ya ujamaa na ardhi; Mwamwindi baadaye alinyongwa. Shuleni sikufundishwa hata mstari mmoja. Watoto waulize, jamani.

Mleta mada: Mwalimu, hoja yako nzito. Wafanye kwa makundi, na kila kundi litetee kazi yake kwa mdomo mbele ya darasa. Aliyenunua ataumbuka kwenye swali la pili. Mtu wa Mbulu, nakuelewa, ila hizo kesi hazikuanzishwa na watoto wa shule. Tuweke masharti: majina ya watu yasiandikwe, waulize habari za kuhama na maisha yalivyobadilika, mipaka ya mashamba waiache. Na mtendaji wa kijiji apewe taarifa mapema.

Mtu wa Mbulu: Mtendaji apewe taarifa? Basi hapo hakuna mzee atakayefungua mdomo.