Seva ya kukodi imeingiliwa, nataka kuipiga OS (mfumo endeshi) upya ila naogopa kupoteza rekodi za wafugaji

mfugaji_tanga

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hili jambo limeninyima usingizi siku ya tatu leo. Tuna VPS (seva ya kukodi) tumekodi kampuni moja ya nje, seva yenyewe iko Ujerumani, ram 2GB diski 40GB, inaendesha mfumo wa kikundi chetu cha maziwa huku Tanga. Wafugaji zaidi ya mia tatu wanaleta maziwa kituoni asubuhi na jioni, karani anapima lita anaingiza kwenye simu, halafu kila siku saa moja asubuhi mfumo unamtumia kila mtu meseji ya lita zake za jana, na mwisho wa mwezi malipo yanapigwa kutoka humo humo. Kwa hiyo humo ndani kuna hela za watu.

Aliyeujenga ni kijana mmoja mwaka 2019, Ubuntu 18.04, PHP 7.2, MySQL 5.7. Sasa hivi ana kazi zake, simu anapokea ila muda hana. Nimeachiwa mimi, komandi mbili tatu najua ila siwezi kujiita fundi.

Tangu Jumatatu mfumo unasuasua, nikafungua top (komandi ya kuona programu zinazokimbia) nikakuta kitu kinaitwa kdevtmpfsi kinakula CPU 190%. Nikakiua, dakika haijaisha kimerudi. Nikafuta faili lake kule /tmp, limerudi tena. Leo kampuni imeniandikia kwamba seva yangu inasumbua seva za wengine, nisiporekebisha ndani ya saa 48 wanaizima.

Kwenye paneli nimeona kitufe cha Rebuild, naweza kuchagua Ubuntu 24.04. Je nikikibonyeza datibesi inabaki? Na IP (anwani ya seva mtandaoni) inabadilika? Hii ya IP ni muhimu sana kwa sababu kampuni ya meseji imeruhusu IP yetu hiyo moja tu, kuibadilisha kwao ni barua na kusubiri. Intaneti yangu ni ya simu, hotspot.

fundiseva

Pole sana mkuu. Kwanza hicho kitufe usikiguse leo. Ukikibonyeza diski inafutwa yote, hakuna cha datibesi wala picha, na usitegemee kampuni ina nakala maana bekapu kwa kawaida ni huduma unayoilipia pembeni. IP kawaida inabaki kwa sababu Rebuild inapiga OS mpya ndani ya seva ile ile. Inayopoteza IP ni Delete, ukifuta seva IP inarudi kwao anapewa mwingine. Hivyo vitufe huwa vinakaa jirani kwa hiyo soma mara mbili kabla kidole hakijashuka.

Hicho kdevtmpfsi ni programu ya kuchimba sarafu za Monero kwa kutumia CPU yako. Ina mwenzake anaitwa kinsing ndiye anayeifufua ukiiua, na mara nyingi kuna mstari kwenye crontab (ratiba ya komandi zinazojiendesha zenyewe), hasa ya www-data, mtumiaji anayeendesha tovuti, unaoipakua upya. Tazama:

crontab -l -u www-data

Halafu tafuta mlango alioingilia. Milango yake maarufu ni Redis (hifadhi ya data) iliyo wazi port 6379 bila paswedi, Docker (ya kuendesha programu ndani ya makontena) iliyo wazi, au PHPUnit (zana ya kupima kodi ya PHP) iliyosahaulika ndani ya folda ya vendor inayofikika kwa brauza. Hii kazi ifanye kabla ya kufuta chochote, maana ukipiga OS upya halafu ukarudisha mlango ule ule wazi, wiki haitaisha utakuwa hapa tena.

mfugaji_tanga

Nimeangalia, kweli crontab ya www-data ina mstari wa wget unaokimbia kila dakika, sijauandika mimi. Redis hatuna. Ila ndani ya /var/www/maziwa/vendor kuna folda ya phpunit na nikifungua kwa brauza ya simu inafunguka bila kuulizwa chochote.

kijana_wa_ubungo

Sasa hapo si anafuta huo mstari, anafuta folda ya phpunit, anaua hizo process mbili kazi imeisha? Kwa nini ahangaike kuanza upya? Au apige do-release-upgrade tu mpaka 24.04.

fundiseva

Kaka, hiyo ifanye usiku huu ili kampuni isiizime seva, hapo nakubaliana na wewe kabisa. Ila isiwe ndio mwisho. Ubuntu 18.04 masasisho yake ya kawaida yaliisha Mei 2023, kwa hiyo ni muda mrefu hiyo kenel (kiini cha OS) ina matundu yanayojulikana, na mtu aliyeshaingia kama www-data anaweza kuwa alishapanda mpaka root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Huwezi kunionyesha komandi itakayothibitisha kwamba hajapanda, maana hata ls yenyewe inaweza kuwa imebadilishwa. Na do-release-upgrade ni ngazi tatu, 20.04, 22.04 ndio 24.04, kila ngazi ina hatari yake na uchafu unapanda nao juu.

Mfugaji, beba data tu, OS usibebe. Snapshot (nakala ya diski nzima) ya paneli ipige kama akiba, lakini usije ukairejesha ukasema umepona, humo ndani mgonjwa yupo na ugonjwa wake.

Datibesi ivute moja kwa moja mpaka kwenye laptop yako, usiandike dump (nakala ya datibesi kwenye faili) kwenye seva:

ssh root@IP "mysqldump --single-transaction --routines maziwa | gzip -c" > maziwa.sql.gz

Inabanwa kule kule kwa hiyo bando halitaumia. Taja jina la datibesi yako kama nilivyoandika, usitumie --all-databases, maana itabeba na majedwali ya ndani ya MySQL 5.7 ambayo ukiyamwaga kwenye 8.0 utavuruga mpaka login ya root.

Picha na risiti zilizopakiwa vuta kwa rsync -avP, hotspot ikikatika unairudia inaendelea ilipoishia. Kodi ya PHP (code, maandishi ya programu yenyewe) ukiweza ichukue kwa yule kijana, nakala yake safi, usichukue ya kwenye seva. Ukikosa, pitia faili zote zilizobadilishwa karibuni. Ndani ya folda ya picha kusiwe na faili hata moja la .php.

binti_terminali

Naongezea hapo kwenye dump kwa sababu iliniuma mimi mwenyewe mwaka juzi, ilikuwa mfumo wa ada wa shule. Nilipiga dump, faili likaonekana, megabaiti za kutosha, nikafuta seva kwa amani kabisa. Kulirejesha linaishia katikati ya jedwali la malipo, kumbe diski ilijaa dump ikakatika. Nilikaa wiki mbili na mhasibu tunaingiza risiti za karatasi moja moja, na zipo ambazo hatukuzipata mpaka leo.

Tangu hapo siamini ukubwa wa faili. Nafungua mwisho wake:

zcat maziwa.sql.gz | tail -n 1

Lazima uone mstari unaoanza na -- Dump completed on halafu tarehe. Usipouona hiyo sio bekapu. Na hata ukiuona, bado usifute. Kodi seva nyingine ndogo kwa kampuni inayotoza kwa saa, weka 24.04, mwaga dump humo, fungua mfumo, tafuta mfugaji mmoja unayemjua lita zake za wiki iliyopita ulinganishe na daftari la karani. Zikilingana ndio urudi kwenye Rebuild. IP ya seva ya majaribio haina shida, meseji hutumi kule.

Pia utagundua PHP inakugomea. 24.04 inakuja na PHP 8.3, kodi ya 2019 ina vitu kama each() na create_function() ambavyo viliondolewa kwenye 8.0. Bora uvipate kwenye majaribio kuliko saa kumi na moja alfajiri karani amesimama na ndoo.

fundiseva

Dada umesema la maana kuliko yote. Mfugaji, kabla ya Rebuild nakili pia crontab zako halali, faili la usanidi la nginx au apache, na orodha ya portii zilizofunguliwa, ls ya /etc/cron.d nayo. Haya ndiyo watu husahau, data wanaikumbuka. Cheti cha https usikibebe, omba kipya kwa certbot, ila jaribu kwanza na --dry-run maana Let's Encrypt hawatoi cheti kile kile zaidi ya mara 5 ndani ya siku 7.

Na paswedi zote badilisha, hasa ya datibesi na key ya meseji. Huyo jamaa alikuwa anaisoma config.php kama unavyoisoma wewe.

mfugaji_tanga

Nimerudi wakuu. Jumatano nilifuta mstari wa crontab na phpunit, CPU ikashuka, kampuni ikanipa muda. Alhamisi nikakodi seva ya majaribio. Dada ulisema kweli, each() ilikuwepo sehemu nne na ripoti ya mwezi ilikuwa nyeupe kabisa, nimezibadilisha kuwa foreach, yule kijana alinielekeza kwa simu na kodi safi akanitumia. Nilichukua jina la mama yangu mzazi maana naye analeta maziwa, lita zake za siku saba zikalingana na daftari zote.

Jumamosi saa nne usiku baada ya karani kufunga nikavuta dump ya mwisho, nikaona Dump completed, nikabonyeza Rebuild. Dakika tatu haikufika imemaliza, IP ile ile. Nilipoingia kwa ssh ikanijia onyo kubwa la REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED, moyo ukapasuka nikajua nimeingiliwa tena.

binti_terminali

Hapana hilo ni la kawaida, OS mpya inatengeneza funguo zake mpya na laptop yako inakumbuka za zamani. ssh-keygen -R halafu IP, unaingia. Likija siku ambayo hujapiga OS upya ndio uogope. Na fayawoli, uliruhusu ssh kabla ya kuiwasha?

mfugaji_tanga

Ndiyo, ufw allow OpenSSH kwanza halafu 80 na 443, ndio nikaiwasha. Kuingia kwa paswedi nimezima, natumia key tu. Mpaka saa saba usiku mfumo umefunguka, karani asubuhi kaingiza lita kama kawaida hajui hata kama kuna kitu kimetokea.

Kimebaki kimoja kinanisumbua. Meseji za asubuhi zimeenda saa nne badala ya saa moja, jana na leo. Wazee wamepiga simu kuuliza kama kikundi kimekufa. Crontab ni ile ile, 0 7 * * * sijagusa.

fundiseva

Seva mpya iko kwenye UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, saa 7 yake ni saa nne asubuhi kwetu. Ya zamani huenda kijana aliiweka saa za huku mwanzoni kabisa akasahau kukuambia. Piga

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
systemctl restart cron

Usiache hiyo ya pili, cron inashika saa za eneo inapowaka. Angalia na date.timezone kwenye php.ini, zile rekodi za jioni zilizoingia siku hizi mbili zinaweza kuwa zimeandikwa saa tatu nyuma, zirekebishe kabla ya malipo ya mwezi.

mfugaji_tanga

Nilikuta rekodi za siku 2 zimerudi nyuma saa tatu kama ulivyosema, nimezisogeza na karani tumekaa pamoja tukalinganisha na daftari. Leo saa moja na dakika moja simu ya mama imeita mezani tukiwa tunakunywa chai, lita 11 na nusu asubuhi, 8 jioni. Mungu awabariki sana wote, na kijana wa Ubungo pia, ule usiku wa kwanza ushauri wako ndio ulizuia seva isizimwe.

binti_terminali

Tunashukuru kwa kurudi kutueleza. Ile seva ya majaribio umeshaifuta? Kuizima tu haitoshi, kampuni nyingi zinaendelea kutoza hata ikiwa imezimwa, na humo kuna namba za simu za wafugaji wote.

mfugaji_tanga

Nilikuwa nimeizima tu. Nimeifuta sasa hivi, nimesoma jina lake mara mbili kabla ya kubonyeza.